Nyota ya barua pepe iwe mkononi mwa mpokeaji, si mwa mashine

GOMA – Anayekimbia vita habebi mengi. Hubeba watoto, godoro, sufuria, na simu kama bado anayo. Hata namba ya simu haidumu: laini inaibiwa njiani, simu inauzwa ili watoto wale. Kitu kimoja hubaki mahali pake hata mwenyewe akihama mara tatu: anwani yake ya barua pepe.

Ndiyo sababu swali linaloonekana dogo, la namna ya kutia alama kwenye barua ya muhimu ili isipotee, si dogo kwa familia za wakimbizi wa ndani wa Kivu na Ituri. Jibu la chuo kikuu, wito wa kazi ya muda kwenye shirika, tarehe ya kuonana na ofisi fulani, karatasi ya shule iliyopigwa picha na kutumwa: mambo haya hupitia barua pepe. Na yote huangukia katika kikasha kimoja pamoja na matangazo ya kamari, mauzo ya viatu na salamu za watu wasiojulikana.

Wenye huduma hizi wanalijua tatizo siku nyingi. Mwaka 2010 Google ilileta katika Gmail kikasha cha kipaumbele, ambamo mashine yenyewe inakisia barua gani ni ya muhimu. Mwaka 2013 ikaongeza vichupo vinavyotenga matangazo na barua nyingine. Mashine inaangalia mwenye kikasha anamwandikia nani, anafungua barua zipi, anajibu zipi. Kwa mtu wa ofisini anayefungua kikasha kutwa nzima, ukisio huo unasaidia. Kwa mama anayenunua mega mara moja kwa wiki, mashine haina cha kujifunza. Shirika linalomwandikia kwa mara ya kwanza ni mgeni machoni pake, na mgeni huyo anaweza kutupwa kwenye barua taka. Humo Gmail hufuta kila kitu baada ya siku 30.

Siku 30 ni nini kwa mtu aliyehama? Februari 2025, watu waliokuwa katika kambi ya Bulengo, pembeni ya Goma, walipewa siku 3 wawe wameondoka. Mtu anayetafuta pa kulaza watoto hafungui kikasha kila asubuhi. Anapopata mtandao tena, mwezi umekwisha na barua imekwisha nayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: waliopanga hesabu hiyo hawajawahi kulala chini ya turubai.

Dawa ipo, tena ni ya kawaida: nyota. Mpokeaji anaitia mwenyewe kwenye barua, bila kusubiri ukisio wa mashine. Lakini hapo ndipo dharau kwa mtu wa simu ndogo inapoonekana. Katika programu ya Gmail ya simu, mtu anaweza kuivuta barua kando kwa kidole na ikafutwa, ikahifadhiwa au ikaahirishwa. Kuivuta ili itiwe nyota, hapana. Lazima alenge kialama kidogo pembeni, kwenye kioo kilichopasuka, juani. Kufuta ni rahisi, kutunza ni kazi. Wala haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani, maana Outlook na Apple Mail zinaruhusu kuivuta barua kwa kidole na kuitia bendera.

Jambo la pili ni zito zaidi. Gmail inacho kichujio: mtu anaandika anwani ya mtumaji mara moja, na tangu siku hiyo kila barua kutoka kwake inatiwa nyota yenyewe na haipelekwi kwenye barua taka. Hiki ndicho chombo ambacho aliyehama anakihitaji kuliko wote. Lakini hakitengenezwi ndani ya programu ya simu, kinatengenezwa kwenye kompyuta. Nani ana kompyuta kambini? Aliye na vifaa vyote amepewa dawa, na mgonjwa ameachwa mlangoni.

Wapo wanaojibu kwamba barua pepe imepitwa na wakati, kwamba watu wako WhatsApp. Jibu hilo ni la aliye na laini moja miaka 10. WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu. Namba ikienda, mazungumzo yanakwenda nayo. Tena vyuo, mashirika na ofisi za wakimbizi hawajaacha kuandika barua pepe. Wanaoambiwa waachane nayo ndio wanaosubiri majibu humo.

Hata hivyo lawama si ya makampuni peke yao. Mashirika yanayofanya kazi mkoani nayo yana sehemu yao. Kuna wanaoandika «HARAKA» juu ya kila barua, hata ya mwaliko wa kikao cha wiki ijayo. Kila kitu kikiwa cha haraka, hakuna cha haraka tena. Wengine hubadilisha anwani ya kutumia kila mradi mpya, kisha wanashangaa watu hawajibu. Anwani iwe moja. Kichwa cha barua kianze na tarehe na mahali. Lugha iwe Kifaransa na Kiswahili, si Kiingereza cha wafadhili. Na barua ikiwa ya uhai au ya chakula, itangazwe pia redioni ili aliye mbali na mtandao ajue kuna kitu kinamngoja.

Wakati huo huo, lililopo litumiwe. Katika mipangilio ya Gmail ya simu, mahali pa aina ya kikasha, mtu anaweza kuchagua barua zenye nyota zije juu. Barua taka ifunguliwe kila mtandao unapopatikana, kabla ya siku 30. Na vijana wa kambini au mtaani wenye njia ya kufika kwenye kompyuta wawatengenezee wazee wao vichujio, mtumaji mmoja mmoja. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mmoja.

Lakini msaada wa vijana usiwe kisingizio cha kuyaachia makampuni. Kuvuta barua kwa kidole ikapata nyota, na kutengeneza kichujio kwenye simu: mambo mawili tu, na ufundi wake unajulikana. Aliyepoteza shamba, nyumba na jirani ana haki ya kusema mwenyewe barua gani ni ya muhimu kwake, kwa kidole kimoja, kwenye simu aliyo nayo.