Mapatano ya Vyuo Vikuu na Kazi ya Karani



Mara nyingi twasikia khabari za wakuu wa vyuo vikuu kusafiri ng'ambo, kutia sahihi mapatano na vyuo vya nchi nyingine, na kupigwa picha. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini wageni wakiisha kuondoka, mapatano yale hukaa wapi? Hukaa katika faili, na mwenye kutunza faili ni karani.

Kijana wa mwenzetu mmoja alipelekwa kwa mapatano ya namna hiyo kusoma muhula mmoja katika nchi nyingine. Alisoma, akafaulu, akarudi na hati ya matokeo yake. Chuoni kwake akaambiwa kuwa masomo yale hayalingani na ya kwao, kwa hiyo hayahesabiwi. Akarudia mwaka, na baba yake, ambaye mshahara wake ni kama wetu, akalipa ada mara ya pili. Hapana aliyekusudia kumdhulumu. Ila hapana aliyeandika tangu mwanzo ni somo gani la kule litakalosimama mahali pa somo gani la huku.

Nchi 11 za Ulaya zilipoanza mpango uitwao Erasmus mwaka 1987, wanafunzi 3,244 walisafiri. Mwaka 1989 ikaanza kujaribiwa hesabu moja ya kupimia masomo, ambayo kwayo kazi ya mwaka mzima ni vipimo 60. Siku hizi mwanafunzi, kabla ya kuondoka, huandikiwa orodha ya masomo atakayosoma, nayo hutiwa sahihi na yeye mwenyewe, na chuo chake, na chuo cha ugenini. Chuo kimpokeacho hakimtozi ada ya masomo. Arudipo, aliyoyafaulu huhesabiwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilidumu tangu 1963 hata 1970, na hapo mwanzo udaktari ulifundishwa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Vijana walivuka mipaka kufuata elimu, na shahada yao ilikuwa moja. Kisha kila nchi ikashika chuo chake. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo tulilifurahia. Walakini utimilifu wake umo katika meza za wasajili na makarani wao.

Basi ninyi mfanyao kazi katika ofisi za vyuo, yawapasa mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi asiondoke pasipo orodha yenye sahihi zote. Pili, barua ya chuo cha ugenini isilale bila jibu, na hati za matokeo zipelekwe upesi. Tatu, mwangalie kama wanafunzi wanakwenda na wengine wanakuja. Maana mapatano ya upande mmoja ni msaada tu, na msaada hukoma siku mtoaji apendapo.

Nanyi wazazi, kabla ya kutoa nauli ya mtoto, ulizeni karatasi ile, mwione kwa macho yenu. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa ni shida kulidai.

Mhariri