JE, NI ISRAFU KUPENDA GARI LA ZAMANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zetu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo tunazungumzia jambo linaloweza kuonekana dogo: gari. Si gari la biashara wala la mizigo, bali gari la zamani la Kimarekani ambalo mwenyewe analipenda, analiosha mwenyewe na kulitazama mara mbili kila anapoliegesha. Tumelichagua jambo hili kwa sababu liliingia katika ukoo wetu likazua maneno, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliosema kabla ya kuuliza.

Mpwa wetu anaishi Marekani, katika jimbo la Ohio, pamoja na mkewe na watoto wanne. Siku moja alituma picha kwenye kundi la ukoo la simu. Ilikuwa Buick Roadmaster ya mwaka 1994, stesheni wagoni ndefu kama mtumbwi wa Tanganyika, na ubavuni imebandikwa karatasi yenye mfano wa mbao. Chini ya picha aliandika: "Alhamdulillahi, nililitamani kwa miaka mingi."

Haikupita saa moja maneno yakamiminika. Mama yake mdogo aliuliza kama kazi imemshinda hata anunue gari la babu. Mwingine akasema pesa hizo zingetosha kuezeka madrasa. Nasi, Allah atusamehe, tukaandika neno moja tu: "Israfu." Ni neno fupi, lakini likitoka kwa mwalimu wa dini linashuka kama hukumu.

Mpwa wetu hakujibu. Baada ya siku tatu alipiga simu. "Shikamoo, mjomba. Umeshanihukumu, sasa naomba unisikilize." Tukamsikiliza. Tulipokata simu, wa kuomba radhi tulikuwa sisi.

Gari lenyewe ni la namna gani?

Tuanze na gari, maana kadhi hahukumu asichokijua. Jina la stesheni wagoni limetokana na stesheni za reli. Huko Marekani abiria walioshuka kwenye treni walipokewa na magari ya kukokotwa na farasi, na baadaye ya injini, yenye nafasi ya watu na masanduku yao. Bodi zake zilichongwa kwa mbao. Mwaka 1929 Ford ilianza kutengeneza la kwake katika aina ya Model A, na mbao zilitoka kwenye misitu na kiwanda cha kampuni hiyohiyo huko Iron Mountain, Michigan.

Mbao zilitaka kupakwa vanishi mara kwa mara kama jahazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kikachukua nafasi yake. Jeep ya mwaka 1946 ilikuwa ya chuma, lakini ikapakwa rangi ifanane na mbao, kwa kuwa watu walikwisha kuzoea sura ile. Ford Country Squire, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1950 hadi 1991, ilibaki na pambo la mbao ubavuni hata pale ambapo hakukuwa na mbao ya kweli.

Miaka ile familia za Kimarekani zilikuwa kubwa, watu wakihamia vitongojini, na sheria iliyotiwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956 ikafungua ujenzi wa barabara kuu za kuunganisha majimbo. Ikatakiwa chombo cha kubeba nyumba nzima. Mafundi wakatumia akili zao. Mwaka 1966 Ford ilitoa mlango wa nyuma unaoshuka kama meza ukitaka kupakia mizigo, na unaofunguka pembeni kama mlango wa chumba ukitaka kupandisha watoto. Magari mengi yaliwekewa siti ya tatu inayotazama nyuma, watoto wakakaa humo wakiangalia barabara wanayoiacha.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta wakati wa vita vya Oktoba, na magari mazito yenye kiu yakawa mzigo. Katika mwaka wa modeli wa 1984 Chrysler ilileta magari ya familia yenye mlango wa kusukuma, na baada yake yakaja magari marefu ya kwenda juu yanayofanana na ya porini. Mwaka 1996 General Motors iliacha kutengeneza stesheni wagoni zake kubwa. Roadmaster ya mpwa wetu ni ya kizazi hicho cha mwisho: injini ya silinda 8 ya lita 5.7, urefu wa mita 5 na nusu, uzito wa karibu tani mbili, na nafasi ya watu wanane.

Aliyotueleza mpwa wetu

Jambo la kwanza lilituziba mdomo. Gari lile alilinunua kwa dola 6,000 taslimu, pesa alizoziweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Wenzake kazini walimshauri achukue gari jipya kwa mkopo, alipe kila mwezi kwa miaka sita pamoja na riba. Akakataa. "Mjomba," alisema, "wewe ndiye uliyenisomesha kuhusu riba. Nimenunua gari la babu ili nisilipe riba, nawe ukaniita mbadhirifu." Tulinyamaza. Tungesema nini?

La pili ni viti. Nyumba yake ina watu sita, gari lina nafasi ya wanane. Viti viwili vilivyobaki amevipa watu. Kila Jumamosi huwapitia watoto wawili wa jirani, ambao mama yao hana usafiri, akawapeleka madrasa pamoja na wanawe. Ijumaa akiwa na nafasi humchukua mzee mmoja na mkewe hadi msikitini. Siti ya mbele ni pana na haiko juu, kwa hiyo yule bibi mwenye maumivu ya magoti anakaa bila ya kupanda wala kurukia.

La tatu ni mtoto wake mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili. Zamani mwisho wa wiki alikuwa na simu tu mkononi. Sasa anashinda na baba yake chini ya boneti. Anajua kubadilisha plagi na oili, anajua kuosha chini ya gari majira ya baridi, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma. Wakifanya kazi wanazungumza. Mpwa wetu alisema mambo aliyoambiwa na mwanawe chini ya lile boneti hakuwahi kuyasikia mezani.

Dini inasemaje?

Mtume (S.A.W.) amebainisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kuwa farasi ni wa namna tatu. Kwa mtu mmoja ni malipo, kwa mwingine ni stara, na kwa wa tatu ni dhambi. Mwenye malipo ni yule anayemfuga katika njia ya Allah. Mwenye stara ni yule anayemfuga ili ajitosheleze na asiombe watu, wala asisahau haki ya Allah iliyo juu ya mnyama yule. Mwenye dhambi ni yule anayemfuga kwa kiburi, kujionesha na kuwafanyia uadui Waislamu.

Tazameni, ndugu zetu. Farasi ni yuleyule mmoja, mwenye miguu minne na mkia. Kilichotofautiana ni moyo wa aliyeshika hatamu. Basi na gari ni hivyohivyo. Gari la dola 6,000 laweza kuwa dhambi, na hilohilo mlango wa pili laweza kuwa stara.

Wala furaha yenyewe si kosa. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Allah (S.W.) anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo. Ibn Hibban amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikihesabu kipando chenye raha miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Na katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alimwagiza mwenye kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho. Viti viwili vya Roadmaster, kwa maoni yetu, vinaingia humo.

Tena kuna kisa tunachokipenda kuwasomea wanafunzi. Abdullah bin Ja'far (R.A.) anasimulia, naye Muslim amekipokea, kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa akirudi safarini watoto wa nyumba yake walipelekwa kumlaki. Siku moja alimpakia Abdullah mbele yake, akampakia na mmoja wa wana wa Fatima (R.A.) nyuma yake, wakaingia Madina watu watatu juu ya mnyama mmoja. Mbora wa viumbe hakuona kuwa ni kupoteza wakati kuwafurahisha watoto juu ya kipando.

Tahadhari nasi tuitoe

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba kila mtu akatafute gari la zamani. Israfu ipo, na magari ni mlango wake mmoja mkubwa.

1. Mafuta. Roadmaster hunywa karibu lita 13 kwa kilomita 100, ukichanganya mjini na barabara kuu. Sisi wa Bujumbura tuliokesha kwenye foleni za mafuta tunajua thamani ya lita moja. Mpwa wetu huenda kazini kwa basi, gari hulitoa kwa ajili ya familia, madrasa na msikiti. Angelitumia kuzurura peke yake, neno letu lingekuwa na mahali pa kukaa.

2. Usalama. Gari la mwaka 1994 halina vifaa vingi vya kinga vilivyomo katika magari ya leo. Siti ya tatu iko jirani na mlango wa nyuma, kwa hiyo likigongwa kwa nyuma watoto ndio wa kwanza kuumia. Hapa tulimkalia kooni mpwa wetu: kila mtoto mkanda, mdogo akae siti ya kati kwenye kiti chake maalumu, na mwendo uwe wa kiungwana. Watoto wa watu ni amana.

3. Mali. Gari la kupanda mwenyewe na familia halina zaka. Lakini anayenunua magari ya zamani ili ayauze huyo ni mfanyabiashara, na bidhaa ina zaka yake ikitimia nisabu na mwaka.

4. Moyo. Ukiona gari limekuchelewesha Swala, limekufanya umdharau mwenye baiskeli, au limekula ada ya shule ya mwanao, jua kuwa umeshaingia kwa yule farasi wa tatu.

Kosa letu

Sasa tuseme lile lililotuuma zaidi. Sisi tulioko huku tuna tabia ya kuihesabu mifuko ya ndugu zetu walioko ng'ambo. Wakituma, tunaona ni wajibu wao. Wakijinunulia kitu, tunaona wametunyang'anya. Kwenye kundi la ukoo liliandikwa kwamba pesa zile zingeezeka madrasa. Lakini bati zilizoko juu ya vichwa vya wanafunzi wetu sasa hivi, nusu nzima ilinunuliwa na mpwa huyuhuyu mwaka 2021. Sisi tunaofundisha chini ya bati zile ndio tuliosahau.

Huku Buyenzi, mtaa wa mafundi magari, tunawaona vijana wakilitengeneza gari la Toyota Probox lililokwisha kuchoka hadi likarudi barabarani, nasi tunawasifu kwa ufundi na subira. Probox nayo ni stesheni wagoni. Kwa nini kijana wetu akifanya hivyohivyo Ohio tumwite mbadhirifu? Ni kwa sababu hatukuona mikono yake ilivyochafuka oili, tuliona picha tu.

Tumeandika kwenye kundi lilelile, mbele ya wote walioona neno letu la kwanza, kwamba tulikosea na tunamwomba radhi. Aibu ya hadharani haifutwi kwa radhi ya faraghani. Mama yake mdogo naye akaandika: "Nipakieni na mimi nikija." Mpwa wetu akajibu kuwa siti ya mbele ni yake.

Enyi wanafunzi, mkiona kwa ndugu yenu neema msiyoizoea, mwombeeni baraka kwanza, kisha mumuulize. Nanyi mliojaaliwa vipando, vikubwa au vidogo, vipya au vya zamani, kabla ya kuwasha injini semeni dua ya kupanda chombo, kisha mtazame nyuma: je, kuna kiti kitupu, na nani njiani anaenda huko huko?

Tunamwomba Allah (S.W.) avibariki vipando vyetu, avifanye stara wala asivifanye dhambi, na atusamehe tunayoyasema kwa haraka. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.