Bingwa mlevi ahitaji daktari, si dhihaka

Msomaji, ukimwona bingwa wa mbio akiyumbayumba nje ya baa, usicheke. Huyo ni mgonjwa.

Mwaka 1978, Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Hakuwahi kukimbia katika Olimpiki, kwani Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980. Baadaye alieleza wazi jinsi pombe ilivyompotezea miaka mingi. Aliaga dunia mwaka 2024.

Wengi hudhani kuwa anayeweza kukimbia kilomita 30 asubuhi hawezi kudhuriwa na chupa kadhaa jioni. Sivyo. Mazoezi hayalindi ini. Pombe humfanya mtu akojoe mara kwa mara, na mwanariadha aliyekwisha kupoteza maji kwa jasho huzidi kukaukiwa. Aidha, huvuruga usingizi na kuchelewesha misuli kupona.

Hatari huwa kubwa zaidi anapoumia au kustaafu. Tangu ujana, siku yake imepangwa na kocha. Ghafla hana ratiba, lakini ana pesa za zawadi na marafiki wengi wenye kiu. Vipimo vya dawa haramu havimwokoi, kwa kuwa pombe haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Viongozi wa kambi wakigundua, mara nyingi humfukuza kama mtovu wa nidhamu. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa. Hakuna anayemfukuza kambini mwenye malaria. Kila kambi yafaa iwe na mshauri, na mwanariadha ajue kwamba akisema ukweli atatibiwa kwanza.

Jamaa nao wachunge dalili: kunywa peke yake, kuficha chupa, kukosa mazoezi kila Jumatatu, kutetemeka mikono asubuhi hadi apate ya kutoa loki. Lakini msimfungie nyumbani ili aache ghafla. Mnywaji wa kupindukia akikatiza pombe kwa siku moja anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitalini, apunguziwe makali kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, kisha apate ushauri kwa miezi kadhaa.

Nawe shabiki, ukikutana na bingwa wako, mpe mkono na kumshukuru kwa medali aliyotuletea. Ukitaka kumwagizia kinywaji, mwagizie chai.