Jikoni: Nyama Ndani ya Jani



Mwezi huu tunapika chakula cha Kichina. Msiogope. Karibu vitu vyote vinavyotakiwa mnavijua.

Chakula hiki kinapendwa sana katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Watu hukata nyama vipande vidogo sana, hasa nyama ya njiwa. Huikaanga upesi. Kisha huiweka ndani ya jani bichi la saladi, hulikunja, na hula kwa mkono. Katika Kichina, jina la saladi linasikika kama maneno ya kupata mali. Kwa hiyo watu huipenda wakati wa sikukuu. Sisi tutatumia kuku, maana njiwa wetu ni wachache.

Nitawaambia kwa nini nimechagua chakula hiki. Kaka yangu mkubwa ana ugonjwa wa kisukari. Anapiga sindano za insulini. Ugali, wali, mihogo, viazi na ndizi hugeuka sukari mwilini. Mganga wa zahanati alimwambia apunguze ugali na aongeze mboga. Wifi yangu akawa anampikia chungu chake peke yake. Kaka alikula mwenyewe chini ya mwembe, kama mgeni. Haikupita wiki, akarudi kwenye sinia la watoto. Akala ugali tele.

Ndipo nikaenda kuwapikia chakula hiki, watu wote wale pamoja.

Kwa watu wanne, tafuta vitu hivi: nusu kilo ya nyama ya kuku isiyo na mifupa, kitunguu kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, na tangawizi kiasi cha kidole gumba. Tafuta pia karoti mbili, pilipili hoho moja, karanga zilizokaangwa kiasi cha konzi moja, na vijiko viwili vya mafuta. Majani ya saladi yawe kumi na mawili au zaidi. Wachina hutia mchuzi wa soya. Mchuzi huo ni mweusi na una chumvi nyingi. Dukani mjini unapatikana. Ukiupata, tia vijiko viwili na usitie chumvi tena. Usipoupata, tia chumvi kidogo na maji ya ndimu moja. Mimi napenda zaidi ya ndimu.

Kazi kubwa ni kukata. Kata nyama iwe vipande vidogo kama punje za mahindi. Kata karoti na hoho vivyo hivyo. Twanga kitunguu saumu na tangawizi. Ponda karanga kidogo, zisiwe unga. Weka kila kitu tayari kwenye sahani karibu na jiko. Usiwashe moto kabla hujamaliza kukata. Wapishi wa Kichina hufanya hivyo, na wana sababu nzuri. Vipande vidogo huiva upesi. Kuni tatu kavu zinatosha.

Sasa washa moto, uwe mkali. Tia mafuta. Yakipata moto, tia kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Koroga. Tia nyama, uitandaze sufuria nzima. Koroga bila kuondoka, kwa dakika saba hivi. Pasua kipande kimoja utazame. Kikiwa chekundu ndani, endelea kupika. Kisha tia karoti, hoho, na mchuzi wa soya au ndimu na chumvi. Koroga dakika mbili. Ipua, nyunyiza karanga.

Majani ya saladi yanaliwa mabichi, kwa hiyo tuangalie sana. Jani lililomwagiwa maji machafu au mbolea mbichi linaweza kuleta kuhara na minyoo. Osha mikono kwa sabuni. Osha jani moja moja, mbele na nyuma, kwa maji mengi safi. Mara ya mwisho suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kama kuna kipindupindu kijijini, usile majani mabichi kabisa. Tumia majani ya kabichi. Yachemshe kwa dakika mbili au tatu. Yatakuwa salama, tena yatakunjika vizuri bila kupasuka. Nyumbani kwangu tunatumia kabichi mara nyingi kuliko saladi.

Weka nyama vijiko viwili katikati ya jani. Kunja upande wa chini kwanza, kisha pande mbili. Usijaze sana, itamwagika kwenye nguo.

Siku ile kaka alipoona majani sahanini aliniuliza, "Dada, mimi nimekuwa mbuzi?" Watoto walicheka sana. Alipoonja alinyamaza. Alikula majani sita.

Lakini mimi nilikosea. Sikumwekea ugali hata kidogo, naye alikuwa amekwisha kupiga sindano yake kama kawaida. Usiku alianza kutetemeka. Jasho likamtoka, maneno yakapotea. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Wifi alikoroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, akamnywesha. Baada ya robo saa akapata nafuu, tukampa uji. Kama angekuwa amezirai, tusingemtia kitu chochote mdomoni. Tungembeba upesi kwenda kwa mganga.

Kesho yake tulikwenda zahanati. Mganga alitueleza kwamba sindano na chakula hupimwa pamoja. Mtu anayetumia dawa ya kisukari asiache ugali ghafla. Amwone mganga kwanza, naye atampimia chakula na dawa. Mganga alimpimia kaka ugali kiasi cha ngumi yake. Sasa anakula ugali huo pamoja na majani yake, kwenye sinia moja na watoto. Watoto nao wanakula ugali wao kama kawaida, maana wanakua na wanakimbia kutwa.

Nyama ikibaki usiku, ichemshe kabla hujalala na uifunike vizuri. Asubuhi ipashe tena mpaka itoe mvuke. Majani yakinyauka, wape kuku.