Timu si Hesabu ya Kutoa

Kuna mchezo wa mashabiki wa NBA usiohitaji mpira wala uwanja. Unachukua timu mbili, unamtoa nyota wa kila timu, halafu unauliza: hao waliobaki, wa nani wazuri zaidi? Mtoe Michael Jordan kwenye Chicago Bulls, mtoe LeBron James kwenye Cleveland Cavaliers, kisha walinganishe wasindikizaji wao. Yule ambaye wasindikizaji wake ni dhaifu ndiye anayetangazwa mkubwa, maana eti aliibeba timu mgongoni peke yake. Nimeusikia ubishi huu vijiweni, nimeusikia kwa wachambuzi wanaolipwa kwa kuujua mpira wa kikapu, na kila mara unaletwa kana kwamba ni sayansi. Mimi nasema ni hesabu mbovu. Na si mbovu tu. Kuna watu inaowadhulumu.

Tuanze na ushahidi wake mkuu. Msimu wa 1992–93 Bulls walishinda mechi 57 na kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo. Jordan akastaafu Oktoba 1993, na msimu uliofuata Bulls wakashinda mechi 55. Sasa tazama Cleveland. Msimu wa 2009–10 walishinda mechi 61. LeBron akahamia Miami, na msimu uliofuata Cavaliers wakashinda 19 tu, wakipoteza 26 mfululizo. Wanaombeza Jordan huzibwaga namba hizi mezani kama turufu: yeye alipoondoka pengo lilikuwa mechi 2, LeBron alipoondoka pengo lilikuwa mechi 42. Kesi imekwisha.

Haijaisha. Hao wanaoitwa "waliobaki" hawakuwa watu wale wale wa msimu uliotangulia. Bulls walibaki na kocha wao, Phil Jackson, na mfumo wao ule ule wa kushambulia. Wakamwongeza Toni Kukoč kutoka Ulaya, wakamwongeza Steve Kerr, na katikati ya msimu wakamchukua Luc Longley. Cleveland kwa upande wake ilikuwa nyumba inayobomolewa. Kocha Mike Brown alifukuzwa, meneja mkuu Danny Ferry akaondoka, Shaquille O'Neal akaenda Boston, Zydrunas Ilgauskas akamfuata LeBron Miami. Anderson Varejão aliumia, akaishia kucheza mechi 31. Februari, Mo Williams akapelekwa Los Angeles Clippers, na katika makubaliano hayo Cleveland ikapata nafasi ya kuteua mchezaji mpya iliyokuja kumleta Kyrie Irving. Nyota alitoka, ndiyo, lakini alitoka pamoja na kocha, meneja na nusu ya ukuta wa ulinzi. Kudai kwamba hapo umepima thamani ya mtu mmoja ni sawa na kubomoa nyumba nzima kisha useme umepima uzito wa mlango.

Na hata tukiikubali hesabu yao, itatufikisha wapi? Kama LeBron alikuwa na thamani ya ushindi wa mechi 42, basi Miami, walioshinda 47 kabla hajafika, walipaswa kushinda 89. Msimu wa kawaida una mechi 82. Walishinda 58, na hapo walikuwa wamemsajili Chris Bosh pia. Zile mechi nyingine zilipotelea wapi? Hazikupotea, kwa sababu hazikuwahi kuwa mali ya mtu mmoja, kwamba anaweza kuzifunga kwenye begi na kuhama nazo.

Nenda Memphis uone kioja kingine. Msimu wa 2021–22, Grizzlies walicheza mechi 25 bila Ja Morant, wakashinda 20. Akiwemo, walicheza 57 wakashinda 36. Kwa hesabu ya kutoa, Morant alikuwa akiidhoofisha timu yake mwenyewe! Hakuna mwenye akili timamu anayeamini hivyo. Msimu huohuo alitunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi katika ligi. Goti lilipomtoa kwenye mtoano dhidi ya Golden State, Memphis walishinda mechi moja kati ya tatu zilizobaki, wakaaga mashindano. Wachezaji walikuwa wale wale waliovuma bila yeye miezi michache nyuma. Kilichobadilika ni mpinzani, ambaye sasa alikuwa na siku kadhaa za kuwasoma wao tu.

Najua jibu litakalokuja: makocha na mameneja nao hulinganisha vikosi bila nyota. Kweli, na wana haki. Nyota akiumia, kocha lazima ajue ataishije wiki mbili zijazo. Derrick Rose alipokosa mechi 27 za Chicago msimu wa 2011–12, wenzake walishinda 18, na Tom Thibodeau alistahili pongezi. Lakini Rose alipochanika kano za goti katika mechi ya kwanza ya mtoano, Bulls hao hao, vinara wa Kanda ya Mashariki, walitolewa na Philadelphia waliokuwa wa nane, huku Joakim Noah naye akiumia njiani. Swali la kocha lina tarehe, lina mpinzani, lina majina ya walio wazima leo. Swali la kijiweni halina hata kimoja kati ya hivyo. Linataka jibu la milele kutoka kwenye jedwali la msimu mmoja.

Kosa lake kubwa liko kwenye mzizi. Timu hujengwa kama jiko la mafiga. Kila figa huchaguliwa kwa kuyatazama mengine mawili: kimo chake, mkao wake, upande unaokipokea chungu. Ukiliondoa moja chungu kinamwagika, na mtu anayechutama pale kulinganisha mawe mawili yaliyobaki na mawili ya jiko la jirani hajawahi kupika. Cleveland ya mwaka 2010 ilikusanya watupaji wa mbali wa kungoja pasi za LeBron na warefu wa kulinda kikapu, kwa sababu LeBron alikuwepo kuunda mashambulizi. Alipoondoka, wakaambiwa ni dhaifu kwa kushindwa kazi ambayo hawakuajiriwa kuifanya.

Sasa nikuulize wewe unayependa kutoa: kwa nini unamtoa nyota tu? Phoenix, Juni 1993, mechi ya sita ya fainali. Katika robo ya mwisho Bulls wamefunga pointi 9, zote za Jordan. Wako nyuma 98 kwa 96, na zimebaki sekunde chache. Mpira unatoka kwa Jordan kwenda kwa Scottie Pippen, unakwenda kwa Horace Grant chini ya kikapu, Grant anaurudisha nje kwa John Paxson aliyesimama peke yake, na Paxson anatupia pointi 3. Upande wa pili, Grant anauzuia mtupo wa mwisho wa Kevin Johnson. 99 kwa 98, ubingwa. Mtoe Jordan, hakuna mechi ya kuamua. Mtoe Paxson, mtoe Grant, hakuna ubingwa. Lakini hajawahi kutokea mtu wa kuniuliza Jordan angekuwa na mataji mangapi ukimwondolea mikono ya Grant.

Hapo ndipo dhuluma inapoanza, kwa sababu neno "msindikizaji" lina bei. Pippen, aliyeitwa msaidizi wa Jordan miaka yote, alimaliza wa tatu katika kura za mchezaji bora wa msimu wa 1993–94, mara tu kivuli kilipoondoka. Hakuwa amezaliwa upya Oktoba ile. Nyota alikuwepo muda wote, sisi ndio tulimpanga kwenye fungu la mabaki. Mwaka 1991 alisaini mkataba mrefu, akichagua uhakika, na msimu wa 1997–98 alikuwa akilipwa takriban dola milioni 2.8 katika timu ambayo Jordan alilipwa zaidi ya milioni 33. Sisemi walipaswa kulipwa sawa. Nasema ni rahisi kumwacha mtu kwenye mkataba wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka kama dunia nzima imeshamzoea kuwa sehemu ya "waliobaki".

Dhuluma hiyo inaweza kuja hata ikiwa imevaa sifa. Mei 2016, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani, alianza kama senta wa Toronto kwa kuwa Jonas Valančiūnas alikuwa majeruhi. Dhidi ya LeBron na Cleveland yake ya safari hii alichukua ribaundi 26, rekodi ya klabu, na Toronto wakashinda. Alifunga pointi 7 tu. Kiangazi kile Orlando ikampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne, kisha ikamweka kwenye foleni ya warefu: Nikola Vučević, Serge Ibaka, Aaron Gordon. Timu ikashinda mechi 29, na Biyombo akaitwa mkataba mbaya. Orlando ilifanya kile kile kinachofanywa na wabishi wa kijiweni: ilimkata mtu kutoka kwenye kazi aliyoifanya na wenzake, ikadhani imenunua kazi yenyewe.

Na sisi tunaozungumza lugha hii tuna sababu ya ziada ya kuichukia hesabu hii. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliteuliwa wa pili mwaka 2009, kabla ya James Harden na Stephen Curry, akiwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Memphis iliyomteua tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Tangu siku ya kwanza alidaiwa makuu ya nyota huku akipewa dakika za mtu wa akiba, na baadaye alipokuwa senta wa akiba wa Oklahoma City iliyoshinda mechi 60 msimu wa 2012–13, hakuna aliyekuwa akihesabu tena. Leo jina lake ni mzaha wa watu wasioweza kukaa dakika 2 mbele ya mchezaji yeyote wa ligi ile. Kwa hesabu ya kutoa, mtu ana mahali pa aina mbili tu: ama ni nyota, ama ni takataka inayobaki nyota akiondolewa.

Kijana aliyeingia kwenye lugha hiyo haiachi uwanjani. Anaipeleka kazini, ambako mafanikio ya idara nzima hupewa jina la bosi. Anaipeleka nyumbani, ambako mtoto mmoja ndiye "anayebeba familia" na hakuna anayemtaja dada aliyebaki kumuuguza mama ili huyo mmoja aende kutafuta.

Kwa hiyo siku nyingine utakapoitwa kwenye ubishi huu, kataa swali lenyewe. Usihangaike kutafuta jibu bora. Sema hivi: sitamtoa mtu. Niwekee mechi nzima, kisha unionyeshe nani alisimama kama ukuta ili mwenzake apite, nani aliukimbilia mpira uliokuwa ukitoka, nani alihama kona ili ulinzi upate njia panda. Hapo tunaweza kubishana mpaka usiku, na tutakuwa tunabishana kuhusu mpira wa kikapu.