Mafuriko Dar es Salaam: Kompyuta inajuaje nyumba ipi imo bondeni?

Kila masika yanapokaribia, wakazi wa Jangwani, Kigogo na Tandale huanza kutazama mawingu, na maafisa huulizwa swali lile lile: ni nyumba ngapi zimo katika njia ya maji? Siku hizi jibu hutafutwa kwenye hifadhidata. Ikipangwa vibaya, familia huonekana iko salama ilhali haiko.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora nyumba, mitaro na vichochoro vya jiji katika OpenStreetMap. Jengo likiingizwa katika hifadhidata ya namna hii huwa mstari mmoja wa jedwali, kama jina la mdaiwa katika daftari la duka. Tofauti ni kwamba safu mojawapo hubeba umbo lenyewe: latitudo na longitudo za kona zake.

Kazi ni kulitafuta. Faharasa ya kawaida hupanga vitu kwa mfuatano mmoja, kama A hadi Z. Mahali pana pande mbili. Ukipanga nyumba kwa latitudo pekee, ya Magomeni itakaa jirani na ya Morogoro, kwa kuwa sehemu hizo ziko karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta.

Mwaka 1984 Antonin Guttman alipendekeza njia nyingine: kila umbo lifungiwe ndani ya sanduku la mstatili, masanduku yaliyo jirani yatiwe katika sanduku kubwa zaidi, na kuendelea hivyo. PostGIS, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001 kuiongezea PostgreSQL uwezo wa ramani, hutumia wazo hilo. Ukiuliza nyumba zilizo bondeni, kwanza huyaacha masanduku yote yasiyogusa bonde, kisha hupima kwa makini umbo la zile chache zilizobaki.

Lakini kasi si usahihi, na hapa ndipo tunapoona hatari kubwa zaidi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Nambari zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake, mahali huhama kwa mamia ya mita. Jangwani, umbali huo hutenganisha mtaa mkavu na uliozama. PostGIS hukataa kulinganisha maumbo yaliyoandikwa mifumo tofauti. Ila karani akiandika jina la mfumo usio sahihi, programu humwamini. (Kubadilisha nafasi za latitudo na longitudo kuna nafuu yake: Dar es Salaam huhamia Hispania, na kila mtu huona.)

Kisha kuna nyumba zilizojengwa baada ya wachoraji kuondoka. Hizo hazimo ndani ya sanduku lolote, na orodha ya kuhamishwa au kulipwa fidia ikitolewa humo, wenyewe hawatasomwa majina mpaka mtu arudi mtaani kuzichora.