Mgawaji wa Sauti

Msomaji, huenda ukaona ni upuuzi watu wazima kubishana juu ya njia ipitayo sauti ndani ya kompyuta. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa nikifundisha katika shule moja hapa Embu. Tulikuwa na kompyuta kuukuu zenye mfumo huria wa Linux, na mwanafunzi mmoja asiyeona alisoma kwa masikio, kwa kuwa programu iitwayo Orca ilimtamkia yaliyoandikwa kiooni. Nilipomfungulia hadithi iliyorekodiwa, Orca ilinyamaza ghafula. Kijana akabaki njia panda, hajui afungue nini wala afunge nini.

Sababu yake si ngumu. Kadi nyingi za sauti za bei nafuu hupokea mkondo mmoja tu kwa wakati mmoja. Programu itanguliayo kuushika mlango huwafungia wenzake nje. Wakulima wa hapa kwetu wanaujua ugomvi huu. Mfereji wa maji usiokuwa na mgawaji humnywesha wa juu, na shamba la chini hukauka. Kwa hiyo nasema wazi: sauti yataka mgawaji mmoja, akae nje ya kiini cha mfumo, naye azielewe programu zote, za zamani na za sasa.

Wako wanaopinga. Wa kwanza husema kazi hiyo ifanywe na kiini chenyewe, kama ilivyo katika FreeBSD. Nakiri kuwa huko hufanywa vizuri. Lakini kiini ni moyo wa kompyuta, na kosa dogo moyoni laweza kuiangusha mashine nzima. Tena, sauti ya leo haiendi kwenye kadi peke yake. Huenda pia kwenye visikizi visivyo na waya, ambako sharti kwanza ibanwe kwa hesabu nyingi. Mzigo huo haufai kutwikwa moyo.

Wa pili husema ALSA yatosha. Mfumo huo, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, una njia yake ya kuchanganya sauti. Ni kweli, lakini programu ikiamua kuipita njia hiyo na kuishika kadi moja kwa moja, nani ataizuia? Sheria inayofuatwa na apendaye tu si sheria.

Wa tatu hutaka wagawaji wawili: JACK ya Paul Davis kwa wanamuziki, wasioweza kuvumilia sauti ikawie hata kidogo, na PulseAudio ya Lennart Poettering kwa watu wengine. Lakini wagawaji wawili juu ya mfereji mmoja watagombana wao kwa wao, na ugomvi tulioukimbia utaturudia kwa jina jipya.

Wa nne hukumbusha kwamba PulseAudio ilipoingizwa katika Fedora mwaka 2007, wengi walilalamikia mikwaruzo na ukimya. Walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, mgawaji akikosea hurekebishwa au hubadilishwa. Maji hayaachwi yajigawe yenyewe. Ndivyo ilivyotokea. Wim Taymans alianza kuitunga PipeWire mwaka 2015, na mwaka 2021 Fedora ikaipa kazi ya sauti. Sifa yake kubwa ni kwamba huziitikia programu zilizoandikwa kwa ajili ya ALSA, JACK na PulseAudio, kila moja kwa lugha yake, bila kuzilazimisha ziandikwe upya. Mgeni aliyejifunza salamu za wenyeji hupokewa upesi kuliko yule atakaye wenyeji wote wajifunze zake.

Msomaji kijana, huenda kesho wewe ndiwe utakayetunga mifumo hiyo. Usiupime mfumo kwa wepesi wake machoni pa fundi tu. Upime kwa swali moja: mwenye nguvu anaposema, je, sauti ya mnyonge ingali yasikika? Kijana wangu hakuomba muziki mtamu. Aliomba asikatiwe sauti iliyokuwa macho yake.